Kuwapikia Walio Safarini

Siku niliyoanza kazi ya jikoni sikugusa mwiko. Nilifika asubuhi kwenye shule ya bweni karibu na mji wa Migori, nimevaa viatu vyangu vya kanisani, nikidhani nitaonyeshwa sufuria na kuambiwa nikoroge. Keteresi, yaani msimamizi wa jiko lote la shule, alinitazama miguuni, akanipa kandambili za mpira na brashi, akanipeleka nyuma ya jengo kwenye mapipa ya maji.

"Sugua," aliniambia. "Ukimaliza, nitaingiza mkono. Nikitoka na utelezi, utaanza upya."

Aliitwa Bi. Boke. Alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, na hakujua Kijaluo. Mimi nimezaliwa Sori, kando ya ziwa, na Kikuria sikukijua hata salamu. Kwa hiyo kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili, na mpaka leo nikiwaza mambo ya jikoni huwa nayawaza kwa Kiswahili, ingawa sala zangu na hasira zangu zote ni za Kijaluo.

Mapipa nilianza upya. Mchana alinikalisha na wanawake wengine kuchambua maharagwe, kutoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, na hapo ndipo alipozungumza nami kama mtu. "Peres," alisema, "nyumbani ukiunguza mboga, mume wako atanuna tu. Hapa ukikosea, mabweni yote yataamka na tumbo la kuendesha. Hawa watoto wameachwa na mama zao. Hawawezi kukagua unachowapa. Wanakula tu kwa sababu wewe umesema ni chakula."

Ninawaandikia vijana mlio kwenye kazi hii sasa, au mnaotaka kuianza, nieleze jinsi tulivyoifanya wakati wetu, hasa sehemu yake ambayo mimi niliipenda na ambayo iliniumiza zaidi: kuwapikia watu walio safarini.

Jiko la shule lina mazoea yake. Kuni ziko pale pale, maji yako pale pale, na ukisahau chumvi stoo iko hatua chache. Safari inakunyang'anya hayo yote. Wanafunzi wa kwaya wanakwenda mashindano, wa kilimo wanakwenda kuona mifugo, wa jiografia wanakwenda ziwani, na wewe unabeba jiko lako mgongoni mwa basi. Bi. Boke alikuwa akigawa chakula cha safari mafungu matatu: chakula cha njiani, chakula cha kufika, na chakula cha kuchelewa. Cha njiani lazima kiliwe kwa mkono bila mchuzi, na kisinuke ndani ya basi, kwa hiyo mayai ya kuchemsha alikataza kabisa. Cha kufika ndicho cha moto, kwa sababu mtu aliyesafiri anataka kuona moshi ndipo aamini kuwa amefika. Na cha kuchelewa hakiguswi mpaka safari iharibike. Hiki tulikitengeneza kwa vitu visivyochacha: njugu za kukaanga, mahindi makavu yaliyokaangwa, na aliya, ambayo ni nyama iliyokatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka ikawa ngumu kama mkanda.

Wasichana wa kidato cha pili walinicheka nilipofunga aliya kwenye mfuko tukienda soko la mifugo la Ogwedhi. Mvua ilinyesha tukiwa tunarudi, basi likazama kwenye matope meusi ya huko hadi ngazi ya mlango, na trekta halikupatikana upesi. Bi. Boke alishuka na leso yake kichwani, akakusanya mawe, akawasha moto chini ya turubai, akachemsha ile nyama na nyanya tulizonunua sokoni. Waliokuwa wakicheka walikuwa wa kwanza kuleta sahani. Hakuwasema. Aliniambia tu kwa sauti ya chini, "Angalia yule anayekula polepole karibu na gurudumu. Huyo ana homa." Na kweli alikuwa nayo.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Alipostaafu alirudi kwao, na mimi nikahamishiwa shule ya wasichana upande wa Homa Bay, safari hii nikiwa keteresi mwenyewe, na funguo za stoo kiunoni.

Mwalimu Mkuu wa shule hiyo alikuwa mama mnene, mpole, aliyezungumza akiwa amefumba macho. Matroni, aliyelala mabwenini na wasichana na kuwatunza wagonjwa, alikuwa muuguzi wa zamani. Sisi watatu tulielewana vizuri. Kila Jumatatu Matroni alikuja jikoni kuniambia nani anaumwa nini, nani asipewe maharagwe, nani amekatazwa chumvi. Ndivyo nilivyowajua Achieng' na Lavenda.

Walikuwa kidato cha tatu, na wote wawili walikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao huku watu wengi wanauita sikoseli. Achieng' alitoka kisiwa cha Mfangano, Lavenda alitoka Muhuru Bay. Walikuja jikoni kila baada ya vipindi vya asubuhi kunywa uji wa wimbi na maji, kwa sababu mwenye ugonjwa huo akikaukiwa na maji mwilini, maumivu yanaweza kumshika kwenye mifupa mpaka alie kama mtoto mchanga. Walikaa kwenye magunia ya mkaa karibu na mlango, wakishikilia vikombe vyao vya plastiki na kubishana kuhusu mambo ya darasani. Achieng' alikuwa msemaji. Lavenda alikuwa akimtazama yeye zaidi kuliko uji.

Achieng' alifariki muhula wa pili. Alianza kuumwa kifua shuleni, akapelekwa hospitali haraka, madaktari wakamhudumia kadiri walivyoweza, na siku chache baadaye Mwalimu Mkuu akaja jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alisimama mlangoni. Hakufumba macho siku hiyo.

"Mama Peres," alisema, "mtoto wa Mfangano ametuacha."

Nilikaa chini kwenye sakafu, mwiko ukiwa mkononi.

Baadaye akanieleza alichotaka. Darasa la Achieng' liliomba kwenda kumzika. Familia ilikuwa na watu wengi na uwezo mdogo, na yeye hakutaka darasa zima liwe mzigo kwao. "Panga chakula," aliniambia. "Cha kwenda, cha siku za matanga, na cha kurudi. Wasiombe hata kikombe cha maji kule. Naibu wangu atawaongoza, Matroni atakuwepo, na wewe uende nao."

Nilipanga kama nilivyofundishwa. Chapati na viazi vitamu vya njiani. Mchele, unga, maharagwe niliyochemsha nusu na kuyakausha ili yaive upesi, mafuta, vitunguu, majani ya chai. Njugu na mahindi ya kukaanga kwa ajili ya kuchelewa. Mitungi ya maji yaliyochemshwa. Na kando ya vyote, unga wa wimbi na chupa ya chai isiyopoteza joto, kwa ajili ya Lavenda. Matroni hakutaka Lavenda aende. Safari, jua, upepo wa ziwani na majonzi, vyote ni adui wa ugonjwa ule. Lakini Lavenda alimwambia, "Mkiniacha hapa nitatembea kwa miguu," na mama yake mzazi, alipopigiwa simu Muhuru Bay, alisema ni afadhali aende na watu wanaomjua. Kwa hiyo tukamchukua.

Kuna safari za kuimba na kuna safari za kunyamaza. Basi lilitoka Homa Bay hadi Mbita bila mtu kuomba hata dirisha lifunguliwe. Chapati zangu zilirudi karibu zote. Kwenye boti jeneza, lililoletwa Mbita kutoka hospitali, lilikaa katikati, sisi pembeni, na sufuria zangu zimefunikwa kwa turubai kwa nyuma. Nilimpa Lavenda uji. Alishika kikombe hadi tukakaribia kisiwa, kisha akaumwaga ziwani akidhani sijaona.

Tulipopanda kutoka ufuoni, vilio vilikuwa vimeshatupokea. Wanaume walibeba jeneza mbele. Mimi na vijana wa pale tulibeba magunia na sufuria nyuma, tukaingia nao uani. Hapo ndipo nikajua kuwa nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Shangazi wa marehemu, dada mkubwa wa baba yake, ndiye aliyekuwa akiongoza wanawake wa jikoni. Alikuwa mama mrefu, leso imefungwa kiunoni kwa nguvu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kilio na moshi. Alisimama mbele yangu nisipite. Aliongea Kijaluo, nayaweka maneno yake hapa kwa Kiswahili.

"Hizo sufuria ni za nani?"

"Ni za shule, mama."

"Na hayo magunia?"

"Ni chakula cha wanafunzi."

Alinitazama, kisha akawatazama wasichana waliokuwa nyuma yangu na sare zao. "Mmekuja kumzika mtoto wetu mkiwa na chakula chenu? Mtapika chenu kule, na sisi tupike chetu huku? Watu wa kisiwa hiki wataniuliza kama nyumba ya ndugu yangu ilishindwa kuwapa maji marafiki wa mtoto wake. Nitawajibu nini?"

Naibu wa Mwalimu Mkuu, bwana mmoja mwenye adabu nyingi, alianza kueleza kuhusu utaratibu wa shule na nia njema. Shangazi hakumsikiliza. Nami nilielewa kwa nini. Kwetu sisi, mgeni wa matanga anakula kwa mkono wa wenye msiba. Ni neno la mwisho ambalo nyumba inaweza kusema kwa niaba ya aliyekufa: huyu alikuwa na watu, na watu wake waliwapokea wageni wake. Sisi, kwa huruma yetu, tulikuwa tumekuja kulichukua neno hilo.

Niliweka sufuria chini. Nilivua viatu.

"Mama," nilimwambia, "mimi ni nyar Karungu, binti wa kule Sori. Nimetumwa, na nimekuja na nilichopewa. Kuanzia hapa mlangoni si cha shule tena. Kiingize ndani, ukichanganye na chenu, ugawe kwa mkono wako. Mimi nionyeshe moto wa kukaa."

Alitazama miguu yangu isiyo na viatu. Halafu akamwita mwanamke mmoja afungue stoo.

"Nyar Karungu anajua kusonga ugali wa watu wengi?" aliniuliza, bado hajalegeza uso.

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kaa hapo, basi. Na chai yetu tunaipika na tangawizi, usije ukatuletea chai ya shule."

Nilimwambia nina ombi moja tu: kuna msichana mmoja ambaye uji wake ningependa niupike mwenyewe na nimpe mwenyewe. Aliuliza kwa nini. Nilipomwambia, alishusha macho chini. "Kuna mwingine?" alisema. "Na mmemleta aone?"

"Amekataa kubaki."

Alinipa sufuria ndogo ya nyumbani mwao, safi, yenye kifuniko. "Hii ndiyo ambayo mama yake alimpikia Achieng' alipokuwa likizo," alisema. "Pikia humo."

Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya hema mbele ya nyumba. Mama wa Achieng' alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza kwa mwanamke mwingine. Niliambiwa hakuwa amekula tangu habari ifike. Wanawake walimpelekea chai, alishika kikombe kidogo, akakirudisha. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akitazama tu mbao za jeneza, hapo karibu na uso wa mtoto wake.

Lavenda alikwenda kukaa upande wa pili wa jeneza hilo, akakunja magoti chini ya sketi yake. Wenzake waliitwa kula, wakaenda kwa aibu na shangazi mwenyewe akawapa samaki na ugali, akimuuliza kila mmoja jina lake na jina la kwao. Lavenda hakwenda. Jua lilikuwa limepanda. Nilipeleka uji na maji, nikachuchumaa karibu naye.

"Nyathina," nilimwambia, mtoto wangu, "kunywa kidogo tu."

Alitikisa kichwa. Midomo ilikuwa imepasuka. Macho yake yalikuwa na ule umanjano nilioujua, lakini siku hiyo ulikuwa umezidi, na nilipomgusa mkono niliona anajizuia asivute pumzi kwa nguvu.

"Lavenda, umeshaanza kuumwa?"

Hakunijibu hilo. Alisema, wala si kwa sauti ya chini, "Mama Peres, hata yeye alikunywa. Alikunywa maji yote mliyomwambia anywe. Alikunywa uji wako kila siku. Tulikuwa tunahesabiana vikombe. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga. Yeye hakuwahi kumwaga."

Nimekaa mbele ya wakaguzi wa serikali wakinihoji juu ya unga ulioota ukungu na nikawa na jibu. Lakini kwa mtoto yule mbele ya jeneza lile, nilishika kikombe tu kama mtu aliyetumwa na akasahau alitumwa nini.

Mama wa Achieng' aligeuza kichwa.

Alimtazama Lavenda muda mrefu. Alitazama macho yake, kisha mikono yake, na jinsi alivyokuwa ameegemea upande mmoja. Nilimwona akianza kuelewa. Watu wengine pale waliona msichana mwenye huzuni. Yeye aliona kitu alichokilea tangu kikiwa kichanga. Aliweka kiganja chini, akasukuma, akainuka. Yule mwanamke aliyekuwa amemkinga mgongo alitaka kumzuia, akamwondoa mkono. Alizunguka jeneza, akapiga magoti mbele ya Lavenda.

"Unaumwa wapi?"

"Magoti," alisema Lavenda. "Na mgongoni, hapa chini."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye boti."

"Achieng' pia alikuwa akianzia mgongoni." Alinyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Nipe kikombe."

Nilimpa.

"Wewe ndiye Lavenda. Kila akija likizo alinichosha na jina lako. Sikiliza. Uji haukumuua mtoto wangu, na maji hayakumdanganya. Alipewa miaka hii kwa uji na maji. Daktari aliponiambia ugonjwa wake alipokuwa mchanga, sikutegemea nimwone akivaa sare ya sekondari. Vikombe nilivyompa mimi, sijutii hata kimoja. Sasa kunywa. Kesho nitamzika mmoja. Siwezi kukaa hapa nikitazama wa pili."

Lavenda alianza kulia. Alilia kwa nguvu, mwili wote, kilio ambacho hakuwa ametoa shuleni wala njiani. Mama yule alimshika shingo kwa nyuma, akasubiri. Kikombe hakikumwagika. Kilipotulia kidogo kilio, Lavenda alisema, "Na wewe mama hujala. Wameniambia hujala."

Mama alimsogezea kikombe mdomoni.

"Kunywa," alisema mama, "nami nitakunywa."

Lavenda akanywa. Mama akakipokea kikombe, akanywa, akamrudishia. Nilikwenda na kurudi kuongeza uji kutoka ile sufuria ndogo, na kila niliporudi nilikuta wameketi vile vile, magoti yamegusana, wakipokezana. Shangazi alikuja na leso yake ya kiunoni, akaifungua, akamfunika Lavenda mgongo apate joto, ingawa jua lilikuwa kali. Matroni alimpa dawa za maumivu alizokuja nazo, kisha akamchukua kwa pikipiki hadi zahanati ya kisiwani, ambako aliwekewa maji ya mshipani na kulazwa mpaka kesho yake. Sitaki kuwadanganya kwamba kikombe cha uji kilimponya. Daktari msaidizi pale zahanati alisema tu kwamba amefikishwa mapema, na kwamba angechelewa kidogo hali ingekuwa nyingine.

Mazishi yalifanyika siku iliyofuata. Lavenda aliletwa akiwa ameshikwa pande zote mbili, akatupa udongo wake, akakalishwa kivulini. Jioni mama wa Achieng' alikula samaki kidogo kwenye sahani moja na shangazi. Mimi nilisonga ugali kwa moto niliopewa, chini ya amri ya mwanamke aliyetaka kunifukuza, na naweza kusema sijawahi kuamrishwa vizuri namna ile tangu siku za Bi. Boke. Tulipokuwa tunaondoka, magunia yetu yaliyokuja na mchele yalirudi yamejaa obambla, samaki waliopasuliwa na kuanikwa juani, zawadi ya wanakijiji kwa darasa. Shangazi aliyafunga mwenyewe.

"Uwapikie na nyanya," aliniambia ufuoni. "Si kwa maji matupu kama mlivyozoea."

Mwalimu Mkuu alipouliza habari za safari, nilimweleza yote, pamoja na aibu tuliyoipeleka mlangoni kwa wenye msiba. Alifumba macho kama kawaida yake. "Tulipanga vizuri sana," alisema, "na hatukumpigia simu mtu hata mmoja wa nyumba ile." Kuanzia hapo, kila safari iliyopangwa, nilikuwa naombwa kwanza niongee na wenyeji tunakokwenda na wasafiri wenyewe. Nilikaa na wasichana bwaloni, nikawauliza mmoja mmoja. Naibu alinitania kwamba jiko limegeuka kituo cha polisi. Lakini ndivyo nilivyojua nani anafunga, nani anatapika akipanda boti, nani nyumbani kwao hawali samaki fulani, na nani hajawahi kulala nje ya kwao na atahitaji kupewa kitu cha kufanya, hata kukata vitunguu tu, ili asilie.

Mama wa Achieng' alikuja shuleni siku ya wazazi muhula uliofuata, ingawa hakuwa tena na mtoto pale. Alikuja kumwona Lavenda. Alimkuta na mama yake wa Muhuru Bay, na wale wanawake wawili walikaa kwenye nyasi siku nzima, na mfuko wa viazi vitamu katikati yao. Sikwenda kusikiliza. Lavenda alimaliza shule. Yuko hai, anafundisha chekechea huko kwao, analazwa mara kwa mara na kutoka. Kila nikipata simu yenye namba ya Muhuru Bay, moyo wangu husimama kabla sijapokea.

Nilistaafu wakati magoti yalipokataa kuinama kwenye jiko la kuni na macho yakawa na ukungu wa moshi ambao daktari wa macho alisema hautatoka wote. Nimerudi Sori. Shule nyingi sasa zina majiko ya mvuke, na ninafurahi, kwa sababu mapafu ya wapishi yatapona. Wengine wanaagiza chakula cha safari kikiwa kimefungwa tayari, kila mtu na boksi lake. Sina ugomvi na boksi. Ila nimeona basi zima likifungua maboksi, kila mtu akageukia dirisha lake akala peke yake, na nikajiuliza ni nani pale angegundua kama mmoja wao hakufungua lake.

Mwezi uliopita kiongozi wa vijana wa kanisa letu, binti anayeitwa Beryl, alinijia nyumbani. Wanakwenda semina Homa Bay, wakapige kambi huko wiki nzima, na alitaka nimsaidie kupanga chakula. Alikuwa mchangamfu, ana haraka.

"Mama Peres, si tutafanya tu wali na maharagwe? Hiyo kila mtu anakula."

"Kila mtu nani?" nilimuuliza. "Niambie wanaokwenda. Usinitajie majina tu. Niambie ni watu gani."

Alianza vizuri, kisha akakwama. Alijua nani anaimba sauti ya kwanza na nani anapiga kinanda. Alipofika kwenye mengine, alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Nilimwambia aende akawaulize, sina haraka.

Alirudi baada ya siku kadhaa, jioni, hana tena ule uchangamfu wa kwanza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu. Aliniambia kuna mmoja ana kisukari na alikuwa akijificha kujidunga sindano chooni kila walipokuwa na mikutano. Kuna mama ananyonyesha, na alikuwa ameamua asiende kwa sababu hakutaka kusumbua. Na kuna kijana wa kwaya ambaye, alipoulizwa anakula nini nyumbani, alisema siku hizi huwa anakula kanisani tu.

"Tunaimba na yeye kila Jumapili," alisema Beryl. "Kila Jumapili, Mama Peres."

Kuku wangu walikuwa wakiingia bandani mmoja mmoja, na mahali fulani chini kwa majirani mtu alikuwa akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani.

"Huyo kijana," nilimwambia, "mpe kazi ya kugawa chakula. Asipange foleni. Awe ndiye anayeshika mwiko."

Alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Nikasogea kwenye ngazi ili apate nafasi, nikamwambia avue viatu akae vizuri, kwa kuwa sasa alikuwa ameniletea watu, na tungeweza kuanza kupika.